Ufa Usiojengewa Ukuta

Tarehe 28 Oktoba 2016, Boeing 767 ya shirika la American Airlines ilikuwa mbioni kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa O'Hare, Chicago. Ilikuwa inaelekea Miami, ndani yake watu 170. Kasi ilishapita kilomita 230 kwa saa pale kitu kilipopasuka upande wa kulia. Rubani akaghairi kuruka, akakaza breki, na ndege ikasimama huku mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye bawa la kulia yakiwaka moto. Wote walitoka hai. Watu wapatao 20 waliumia, mmoja wao vibaya.

Kilichopasuka ni diski ya turbini. Kipande chake kimoja kilitoboa ganda la injini, kikapenya bawa, kikaruka juu ya ndege yenyewe na kwenda kuangukia ghala la kampuni ya UPS, karibu mita 900 kutoka hapo. Kilishuka kwa kupitia paa.

Kwetu, mazungumzo ya usalama wa ndege huwa na njia zake zilizozoeleka. Tunauliza ndege ina umri gani, rubani ni nani, hali ya hewa ilikuwaje. Ni maswali ya haki. Lakini nimesoma ripoti za ajali za namna hii kwa miaka sasa, na kila nikimaliza moja nabaki na swali ambalo abiria haulizi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba lipo: metali iliyomo ndani ya injini ile ilizaliwa wapi, ilikaguliwa na nani, na kumbukumbu zake ziko wapi?

Tuanze na kitu chenyewe. Ukisimama uwanjani na kutazama mdomo wa injini ya jeti, unaona feni yenye mapanga mapana. Nyuma yake, kusikoonekana, kuna safu nyingine nyingi za mapanga madogo, na kila safu imechomekwa kwenye ukingo wa sahani nene ya metali. Sahani hiyo ndiyo diski. Zile za mbele hubana hewa. Zile za nyuma ya chumba cha kuchomea mafuta hupokea gesi ya moto na kuizungusha mashine nzima, na hizo ndizo za turbini. Katika injini kubwa, turbini ya shinikizo la juu huzunguka kiasi cha mara 10,000 kwa dakika. Panga dogo linaloenea kiganjani huivuta diski kuelekea nje kwa nguvu ya tani kadhaa, na ukingo mmoja una mapanga kama hayo kwa makumi.

Panga moja likikatika, sheria inataka ganda la injini lilizuie lisitoke nje. Mtengenezaji analithibitisha hilo kwa kulikata panga moja la feni kwa baruti, makusudi, huku injini ikiunguruma kwa nguvu zote kwenye kituo cha majaribio. Diski haina jaribio la namna hiyo. Ganda la kuidaka theluthi ya diski iliyopasuka lingekuwa zito kiasi cha injini kutofaa kuning'inia bawani. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unawaambia wabunifu wa ndege wakihesabu kipande hicho kana kwamba nguvu zake hazina kikomo, yaani kitapita popote kinapoelekea. Wanachoweza kufanya ni kutawanya nyaya na mabomba ili kipande kimoja kisikate vyote kwa mpigo.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa diski, ukuta haujengeki. Kuna ufa, na kuna mtu aliyepewa kazi ya kuuona kabla haujakua.

Ndiyo maana kila diski hupewa ukomo wa maisha. Ukomo huo hauhesabiwi kwa miaka bali kwa safari: injini ikiwashwa, ikapandishwa hadi nguvu ya kurukia na kurudi chini, hiyo ni moja. Ikifika idadi iliyowekwa, diski hutolewa na kuharibiwa, hata kama inang'aa kama mpya. Abiria akielezwa utaratibu huu hupumua. Mimi mwenyewe nilipumua, mpaka nilipoweka ripoti tatu za bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, kwenye meza moja.

Diski ya Chicago ilikuwa na ukomo wa safari 15,000. Ilipasuka ikiwa na 10,984. Ile ya feni iliyopasuka kwenye MD-88 ya Delta pale Pensacola, Florida, Julai 1996, ilikuwa na ukomo wa 20,000; ilikuwa imefikisha 13,835. Na ile ya DC-10 ya United iliyoanguka Sioux City, jimbo la Iowa, mwaka 1989 ilipewa 18,000 na ikavunjika kwenye 15,503. Zote tatu zilikuwa ndani ya umri wake halali. Hakuna aliyekuwa amechelewa kuitoa.

Maana yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuikubali. Ukomo wa maisha ulikokotolewa kwa diski isiyo na dosari, na diski zinazoua ni zile zilizozaliwa na dosari au kujeruhiwa kiwandani. Kwa hiyo namba ile, ambayo mashirika na wakaguzi huitaja kama ngao, inamlinda abiria dhidi ya uchakavu wa kawaida tu. Haijui lolote kuhusu doa lililofichika.

Sioux City inalionyesha hili kwa ukamilifu unaoumiza. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ile iliruka kutoka Denver kwenda Chicago na watu 296. Ikiwa angani, diski ya feni ya injini ya mkia ilipasuka, na vipande vikaikata mifumo yote mitatu ya haidroliki, yaani mafuta yenye shinikizo yanayomwezesha rubani kuielekeza ndege. Rubani mkuu Al Haynes na wenzake, wakisaidiwa na Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa amepanda kama abiria, waliielekeza ndege kwa dakika 44 kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki. Watu 112 walikufa na 184 wakaokoka. Dunia imewasifu marubani wale, na wanastahili kila neno. Lakini kisa hiki hakikuanza angani.

Kilianza mwaka 1971, kwenye tanuri. Titani ya kutengenezea diski huyeyushwa ndani ya ombwe, kwa sababu ikikutana na naitrojeni au oksijeni ikiwa ya moto huzaa chembe ngumu na zenye kuvunjika kama kigae. Chembe moja kama hiyo ilibaki kwenye bonge la titani lililotoa diski ile. Wakati wa kuchonga tundu la katikati, au baadaye, chembe ikachomoka na kuacha kishimo kisichozidi milimita moja na nusu kwa urefu. Kuanzia hapo kila safari iliongeza ufa kidogo, kwa miaka 17. Wakati ule titani ya diski iliyeyushwa mara mbili. Mwanzoni mwa 1972 mtengenezaji wa injini akaanza kutaka iyeyushwe mara tatu ili chembe za namna hii zipungue. Diski yetu ilikuwa imeshatoka.

Aprili 1988, safari 760 kabla ya ajali, diski ilipita karakana ya United na kukaguliwa kwa dawa ya rangi. Ni njia ya zamani na nzuri ikifanywa sawasawa: unaipaka metali kimiminika kinachopenya kwenye nyufa, unafuta, unapaka unga wa kukinyonya kirudi juu, kisha unamulika kwa taa ya urujuanimno chumbani gizani. Palipo na ufa panang'aa. Kwa hesabu za NTSB, ufa siku ile ulikuwa na urefu wa karibu milimita 12 kwenye uso wa tundu. Ungeweza kuonekana. Wachunguzi walibaini kwamba diski huning'inizwa kwa kebo inayopita kwenye tundu hilohilo, na mkaguzi anapaswa kuizungusha ili sehemu iliyofichwa na kebo nayo imulikwe. Huenda haikuzungushwa. Huenda ilizungushwa na jicho likapita. Bodi ilipoandika chanzo cha ajali haikumsukumia mzigo mtu mmoja. Ilisema utaratibu wa ukaguzi haukuzingatia vya kutosha mipaka ya binadamu anayeufanya.

Sentensi hiyo naiheshimu sana. Anayejua kazi ya karakana anajua maana yake: zamu ndefu, chumba cha giza, vipande mia visivyo na kitu, kisha cha mia na moja.

Kuna jambo jingine ndani ya ripoti ile ambalo halisimuliwi sana, nalo lilinikosesha usingizi kuliko kishimo chenyewe. Vipande vikubwa vya diski vilipatikana miezi mitatu baadaye, wakulima wa Iowa walipokuwa wanavuna mahindi. Ilipokuja kusomwa namba yake na kulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda, ilionekana kwamba mwaka 1971 zilikuwepo diski mbili zenye namba moja. Moja ilikuwa imetiliwa shaka kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti na kukataliwa. Nyingine ikauzwa. Kumbukumbu hazikutosha kumaliza kabisa shaka kuhusu njia iliyopita kila moja. Fikiria uzito wake. Metali ilipatikana shambani na kusomwa hadi chembe zake, lakini karatasi ilishindwa kusema kitu hiki kilitoka wapi.

Pensacola haikuwa kosa la tanuri. Kiwandani, wakati wa kutoboa tundu moja la bolti, metali ilipata joto kupita kiasi na ukuta wa tundu ukawa mgumu kwa namna isiyofaa. Nyufa zikaanzia hapo. Hiyo nayo ilikuwa imepita ukaguzi wa dawa ya rangi, chini ya mwaka mmoja kabla ya ajali, na ufa haukuonekana. Vipande viliingia sehemu ya abiria na kuwaua wawili, mama na mwanawe, ndege ikiwa bado ardhini inakimbilia kuruka.

Baada ya Pensacola mashirika yalisukumwa kuongeza kipimo cha umeme kwenye sehemu nyeti za diski, kipimo kisichotegemea jicho la mtu gizani. Mwaka 2001 FAA ikatoa mwongozo mpya kwa diski za titani: mtengenezaji asikokotoe tena kana kwamba metali ni safi, bali aingize uwezekano wa chembe kubaki ndani, na ukaguzi wa katikati ya maisha upangwe kwa kuzingatia hilo. Hatua hizo ni za kweli na ninaamini zimeokoa watu.

Lakini angalia Chicago. Diski ile haikuwa ya titani bali ya aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, kwa kuwa turbini hufanya kazi kwenye joto ambalo titani hailiwezi. Dosari yake ilikuwa doa ndani ya metali, chini ya uso, mahali ambapo dawa ya rangi haifiki hata mkaguzi akiwa bora duniani. NTSB ilisema doa hilo yaelekea lisingegunduliwa kwa taratibu zilizokuwepo, si kiwandani wala karakanani, na ikapendekeza sehemu nyeti zinazozunguka zikiwa kazini zikaguliwe hadi chini ya uso, kwa njia kama mawimbi ya sauti. Ni kipimo cha jamii ileile ya altrasaundi anayopigwa mama mjamzito. Teknolojia ilikuwepo miaka mingi. Iliyokosekana ni amri ya kuitumia kwenye diski iliyo kazini. Kanuni ilikuwa imeifuata titani kwa sababu titani ndiyo iliyoua. Nikeli ikasubiri zamu yake. Hapa ndipo ninapowalaumu wasimamizi waziwazi. Ukijua kwamba ukomo wa maisha hauoni dosari, sababu hiyo inahusu kila metali inayozunguka. Hukuhitaji kungoja ghala litobolewe paa.

Nisiwe dhalimu kwa diski. Mara nyingine hupasuka kwa dhambi za jirani. Ilyushin ya shirika la LOT iliyoanguka karibu na Warszawa Mei 1987 na kuua watu 183 iliangushwa na beringi yenye magurudumu 13 badala ya 26. Joto na msuguano vikafanya yaliyobaki. A380 ya Qantas iliyopasukiwa injini juu ya kisiwa cha Batam, Indonesia, Novemba 2010, ikiwa na watu 469, ilikuwa na kibomba cha mafuta ya kulainisha kilichochongwa nje ya mstari, ukuta wake mwembamba upande mmoja. Kikapasuka, mafuta yakawaka, diski ikaachana na ekseli yake, ikazunguka kupita kiasi na kuvunjika. Walitua Singapore salama, ila injini nyingine ilikataa kuzimika kwa saa kadhaa kwa sababu nyaya zake zilikuwa zimekatwa. Hata huko, wachunguzi wa Australia walikuta kwamba vibomba vingi visivyotimiza vipimo vilikuwa vimeachiwa vitoke kiwandani. Tanuri, keekee, kibomba: majeraha haya yote yalipatikana mikononi mwa watu, penye utaratibu ulioandikwa, na mtu akapitisha.

Sasa tuje karibu na siku zetu. Diski nyingi za kisasa hutengenezwa kwa unga wa metali. Aloi ya nikeli iliyoyeyuka hunyunyizwa ikawa chembechembe laini, kisha hugandamizwa kwa joto na shinikizo. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa metali hutoka imechanganyika sawasawa na huvumilia joto kali zaidi. Hatari yake iko hapohapo. Uchafu ukiingia kwenye unga, hauishii kwenye diski moja kama chembe ya Sioux City. Unagawanyika kwenye diski nyingi. Machi 2020, kule Vietnam, diski ya namna hiyo ilipasuka kwenye Airbus A321 ikiwa mbioni kuruka. Na Julai 2023 kampuni ya RTX, mmiliki wa Pratt & Whitney, ikatangaza kwamba unga uliotumika kati ya mwishoni mwa 2015 na 2021 ulikuwa na uchafu, na kwamba injini 1,200 za A320neo zingehitaji kutolewa mapema kukaguliwa. Miezi miwili baadaye makadirio yakapanda: wastani wa ndege 350 zingekaa chini kwa wakati mmoja hadi 2026.

Mashirika yalilia, na hasara ilikuwa ya mabilioni ya dola. Mimi nasema huo ulikuwa uamuzi sahihi kuliko wote niliousoma kwenye historia hii. Kipimo kilichotumika kilikuwa mawimbi ya sauti, kilekile kilichokosekana kwa diski ya Chicago, na ndege zilisimamishwa kabla watu hawajazikana.

Jambo hilo linatugusa. Airbus A220 za Air Tanzania zinatumia injini za ukoo huohuo, na ukaguzi wa unga uliagizwa kwa ukoo mzima. Watanzania walishazijua injini hizo kwa sababu nyingine, tangu 2022, ndege zilipoanza kuegeshwa zikisubiri injini. Tatizo la wakati ule lilikuwa uimara wa sehemu nyingine, si diski. Hasira ya umma iliwaangukia wote kwa pamoja, shirika, serikali na mtengenezaji. Naielewa. Ndege iliyonunuliwa kwa fedha za walipakodi ikisimama, ni uchungu. Hata hivyo ndege iliyoegeshwa ili diski ipimwe inafanya kazi yake ya kwanza kabisa.

Wasiwasi wangu mkubwa zaidi uko kwa injini zisizo mpya. Ukanda wetu huruka sana kwa ndege za kukodi na injini zilizopita mikono mingi. Juni 1995, DC-9 ya ValuJet ilipasukiwa diski ya kompresa, ile sehemu ya kubana hewa, pale Atlanta ikianza kuruka. Moto ukaingia ndani, watu wote 62 wakatoka. Injini ile ilikuwa imenunuliwa kutoka Uturuki, na ufa ulikuwepo na ungeweza kugunduliwa ilipokaguliwa huko miaka minne nyuma. Mnunuzi alipokea injini na karatasi. Karatasi zilisema imekaguliwa, na kweli ilikuwa imekaguliwa.

Utaratibu wa kimataifa tayari unadai kila diski iwe na historia kamili tangu siku ilipozaliwa, safari kwa safari. TCAA na KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, na wenzao wanaupokea mkoba huo wa kumbukumbu kila ndege inapoingia kwenye daftari la nchi. Ombi langu kwao ni wasiishie kwenye jumla ya safari zilizobaki, namba ambayo mkodishaji huiweka ukurasa wa kwanza. Wafungue nyuma zaidi. Diski hii ilitokana na bonge lipi la metali, na ndugu zake wa bonge hilo wako wapi leo? Mara ya mwisho ilipotolewa ndani ya injini, ilipimwa kwa rangi peke yake au na mawimbi ya sauti pia? Karakana ipi, chini ya kibali cha nani? Na yule aliyeimulika chumbani gizani na kutia saini kwamba ni safi, ilikuwa saa ya ngapi ya zamu yake?